Madame, Washa Kamera

Ujumbe ulimkuta Léocadie Uwingabire sokoni Birere, karibu kabisa na mpaka wa Rwanda, mahali ambapo simu za Goma huokota mtandao wa upande wa pili. Alikuwa ameinama akichagua viazi vitamu vidogo vidogo, vile ambavyo muuzaji humwachia mtu kwa huruma tu, simu ikaanza kutetemeka ndani ya kitenge. Yote yaliyokuwa yamekwama hewani yalishuka kwa mkupuo: salamu, pole, picha za watu waliokimbia, na katikati yake barua fupi ya Kifaransa. Shirika la Uzima wa Mtoto limesoma ombi lake la kazi ya msimamizi wa lishe mjini Goma. Limependezwa nalo. Mahojiano yatafanyika kwa video, kesho, saa nne asubuhi. Tafadhali hakikisha una mtandao imara, chumba tulivu na mwanga wa kutosha.

Aliisoma tena sentensi ya mwisho. Msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, iliyojaa makaa, akampigia kelele asogee, akasogea bila kuinua macho.

Mtandao imara! Tangu vita viingie mjini mwishoni mwa Januari, nyumba yao ya mbao kule Katoyi haikuwa na umeme wa kutegemea wala mtandao. Benki zilikuwa zimefungwa, uwanja wa ndege umefungwa, na kambi za wakimbizi alikokuwa akiwapima watoto wenye utapiamlo zilikuwa zimevunjwa, watu wamerudi vilimani kusikokuwa na kitu. Shirika lililomwajiri liliondoa wageni wake na kuwaambia wenyeji wasubiri. Walisubiri. Mumewe, Ézéchiel, dereva wa lori, alikuwa amekwama Butembo, ng'ambo ya mstari wa mapigano. Nyumbani walibaki watatu: yeye, binti yake Mimi, aliyekuwa darasa la kwanza, na baba yake mzazi, muzee Munyakazi.

Muzee Munyakazi alikuwa mfugaji wa vilima vya Masisi. Vita vya zamani vilimmalizia ng'ombe wote, akashuka akajenga Buhene, kaskazini mwa mji. Mwaka wa 2021 volkano ya Nyiragongo ikatapika, moto ukateremka na kupita juu ya nyumba hiyo, wakatoka na sufuria moja na Mimi mgongoni. Tangu hapo mzee hakununua tena kitu kizito. Kila alichokuwa nacho kiliweza kubebwa kwa mkono mmoja.

Palepale sokoni, kabla mtandao haujampotea, Léocadie alimpigia Apolline. Walisoma lishe pamoja, wakafanya kazi katika hema moja. Apolline alikuwa ameondoka na watoto wake kwenda Kampala wiki chache kabla mji haujaanguka.

“Na mimi wameniita,” Apolline alisema. “Kesho, nyuma yako.”

“Basi mumoja wetu atapata.”

“Mungu asaidie. Sikia, dada. Tafuta ukuta mweupe. Usikae mugongo kwa dirisha, watakuona kivuli tu. Simu iwe sawa na macho. Na usivae kitenge ya maua mengi, inachanganya kamera.”

“Wewe utakaa wapi?”

“Hapa kwa nyumba. Wifi iko muzuri.”

Apolline hakusema hivyo kwa kujivuna. Alikuwa akieleza tu hali ilivyo. Hata hivyo Léocadie aliaga haraka kama mtu aliyeishiwa chaji.

Usiku ule alipiga pasi blauzi yake nyeupe kwa makaa, akaikunja ndani ya mfuko wa plastiki. Baba yake alikuwa akimtazama.

“Goma yote hakuna mahali?” aliuliza.

“Kwenye hoteli kubwa labda, Papa. Wanataka dola. Nitavuka Gisenyi kwa mama mudogo.”

“Watu wa kazi wanajua kama huku hakuna rezo ya simu?”

“Wanajua. Kazi yenyewe ni juu ya mambo hayo.”

Mzee alitikisa kichwa polepole.

Asubuhi mvua ilinyesha. Kwenye mpaka mdogo, ule wa wachuuzi, foleni ilikuwa imejikunja mara mbili, watu wamejifunika mabeseni na magunia. Maofisa walikagua mifuko mmoja baada ya mwingine, kwa utulivu wa watu wasio na miadi. Léocadie alikuwa ameukumbatia mfuko wa blauzi kifuani. Kila foleni iliposimama, alichungulia saa kwenye simu. Alipofika nyumbani kwa Mukakalisa, mdogo wa marehemu mama yake, viatu vilikuwa vimejaa matope na muda wa kupumua haukuwapo. Mama mdogo alikuwa ameshapigilia shuka jeupe ukutani. Léocadie alibadili nguo, akaiegemeza simu juu ya sahani mbili zilizopangwa kwenye stuli, akaketi.

“Mama mudogo, ukae pale nyuma ya mulango. Usikohoe.”

“Sitapumua,” Mukakalisa alijibu.

Anwani waliyomtumia ilifunguka, ikazunguka, ikazunguka, ikafa. Akajaribu tena. Ikafa tena. Mwishowe ukaja ujumbe: Madame, tupe namba ya WhatsApp. Akawapa namba ya laini yake ya Gisenyi. Simu ikaita, na watu wawili wakatokea. Mmoja alikuwa mwanamume mwenye miwani, jina lake Mulumeoderhwa, mtu wa Bukavu, mkuu wa programu. Mwingine alikuwa mkuu wa wafanyakazi, mwanamke wa Kinshasa, ameketi mbele ya rafu ya vitabu iliyopangwa vizuri.

“Madame, washa kamera,” mwanamke alisema kwa Kifaransa.

“Imewaka.”

“Hatukuoni. Tunaona giza.”

Aligeuza stuli ielekee dirishani. Sahani zikateleza, simu ikaanguka, akaiokota na kuomba radhi. Walipomwona, mwanamke yule hakuangalia uso wake. Alikuwa akitazama kitu kingine pembeni mwa kioo.

“Hii namba inaanza na mia mbili hamsini. Uko Rwanda?”

Léocadie alilijua swali hilo. Mtu wa Masisi anayezungumza Kinyarwanda huulizwa swali hilo tangu shule ya msingi, kwa maneno tofauti, na kila jibu huonekana kama utetezi.

“Niko Gisenyi kwa ajili ya mazungumzo haya tu, Madame. Goma mtandao umekatika. Mimi ninaishi Katoyi.”

“Kazi hii ni ya mtu aliyeko Goma.”

“Niko Goma. Nimevuka asubuhi hii, nitarudi leo.”

Palipita kimya. Hakujua kama ni kimya cha watu au cha mtandao.

“Tunaelewa,” Mulumeoderhwa alisema kwa Kiswahili. “Tuendelee.” Lakini mkono wake ulikuwa unaandika.

“Kwanza utuzungushie simu tuone chumba,” mwanamke alisema. “Ni utaratibu. Tunataka kuhakikisha hakuna anayekusaidia majibu.”

Léocadie alizungusha simu. Zikaonekana kitanda, magunia ya viazi, ndoo, na nyuma ya mlango Mukakalisa, bibi wa miaka sitini na kitu, ameziba mdomo kwa kiganja.

“Huyo ni nani?”

“Mama yangu mdogo. Nyumba ni yake.”

“Tafadhali atoke.”

Mukakalisa hakujua Kifaransa, lakini aliielewa sauti. Alijifunika kitenge kichwani, akafungua mlango wa nyumba yake mwenyewe, akatoka kwenye mvua. Léocadie alimwona kwa dirisha akisogea chini ya ukingo wa bati, maji yakimwagikia begani. Kuanzia hapo hakuweza kuacha kumwona.

Wakamwambia atoe mfano wa kazi aliyoifanya wakati wa dharura. Swali hili alikuwa amelitayarisha. Akawaeleza siku zile mlima ulipotapika moto, jinsi walivyokimbilia Sake na mji mzima nyuma yao, jinsi yeye na mama wengine walivyotenga darasa moja la shule, wakawakusanya watoto wachanga, wakachemsha maji na kuwapikia uji wakati hakuna shirika lolote lililokuwa limefika. Hakufa mtoto hata mmoja katika darasa lile. Alisema akiwa ameinama mbele, akasahau hata mvua. Alipomaliza, nyuso mbili kwenye kioo zilikuwa zimeganda, mmoja mdomo wazi.

Kisha zikatikisika.

“Madame, tumekupoteza. Tumesikia tu kwamba nyumba yako iliungua. Pole sana. Lakini tunaomba mfano wa kazi.”

Alianza upya, kwa maneno machache zaidi. Sauti ilimrudia masikioni kama ya mtu aliye kisimani. Walimuuliza maswali mengine. Kila jibu lake lilifika likiwa limechelewa, wao wakawa wameshaanza kusema, yeye akanyamaza kuwapisha, nao wakanyamaza kumpisha. Aliliona hilo likiandikwa usoni mwa mwanamke: huyu anasitasita, hana uhakika. Alitaka kupiga kelele kwamba uhakika anao. Akatabasamu, kwa kuwa alikuwa amesoma mahali fulani kwamba mtu anapaswa kutabasamu.

“Tutakujulisha,” walisema.

Mama mdogo aliingia akiwa amelowa, akauliza, “Bamekupa?”

Léocadie alimvua kitenge, akakikamua mlangoni, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Jibu lilikuja baada ya siku si nyingi. Walimshukuru. Walimtakia kila la heri. Jioni ya siku hiyohiyo Apolline alipiga. Mtandao ulikuwa umeanza kurudi Goma, kidogo kidogo, mtaa kwa mtaa.

“Wamenichukua mimi,” alisema. Sauti yake haikuwa ya mtu mwenye furaha.

“Hongera, dada.”

“Léo, usikate. Sikia. Niliwaambia niko njiani kurudi Goma. Siwezi kurudi. Watoto wako shuleni hapa, na nikisikia tu mulango unagongwa mwili wote unatetemeka. Nilisema nitarudi hali ikitulia, na wao wanataka kazi ianze Jumatatu. Chakula ya watoto imeshafika, iko kwenye ukumbi wa kanisa kule Majengo.”

Léocadie alisogea mlangoni, mtandao usikatike.

“Wewe uko pale,” Apolline akasema. “Utapima watoto, utanitumia matokeo, mimi naandika rapore, ile ripoti ya wakubwa. Tugawane nusu kwa nusu. Mpaka nirudi tu.”

Léocadie aliitazama simu. Hasira ilimpanda, ikafika shingoni, ikakutana na njaa ikashuka tena. Mimi alikuwa amelala sakafuni, magoti tumboni, mchana kweupe. Siku hizo alikuwa amejifunza kulala ili asidai chakula.

“Nitaanza Jumatatu,” alisema.

Muzee Munyakazi alikuwa amesikia yote.

“Hiyo kazi iko kwa jina ya nani?”

“Ya Apolline, Papa.”

“Na mikono?”

“Ya kwangu.”

“Wakijua?”

“Papa, tutakula nini nikikataa?”

Miaka ile Masisi, mtu alipoleta jambo la aina hii mbele ya mzee, alikuwa akimfukuza uani. Sasa alitazama miguu yake.

Basi kazi ikaanza. Akina mama walikuja Majengo kutoka kila upande, wengine wakitembea kutoka Munigi na mbali zaidi, watoto mgongoni, nyuso zikiwa zimekauka. Léocadie aliwapima mikono kwa utepe wa rangi, akawaning'iniza watoto kwenye mizani, akawagawia pakiti za karanga za dawa na kuwafundisha mama zao namna ya kuwalisha. Wakamzoea, wakamwita Mama Mimi. Jioni alituma kila kitu Kampala. Apolline alijibu haraka, tena kwa heshima, na alituma nusu yake bila kukumbushwa. Nyumbani palikuwa na unga. Lakini kila mama alipomshukuru, Léocadie alijiona kama mtu aliyevaa nguo za mwenzake, akihofia mwenye nguo atapita.

Siku moja Apolline alipiga kabla jua halijapanda.

“Leo wakubwa wanataka kutembelea kituo. Kwa video. Niliwaambia nitakuwa pale. Dada, nakuomba. Wewe utashika simu tu, uonyeshe ukumbi, akina mama, mizani. Usionyeshe uso. Usiseme kitu. Mimi nitasema kama niko nyuma ya kamera. Nitawaambia rezo ya Goma ni mubaya, kwa hiyo nasemea kwenye simu ingine.”

“Na watakubali?”

“Watakubali. Wanajua rezo ya Goma.”

Léocadie alicheka, kicheko kimoja kikavu kilichomshtua mwenyewe.

Saa ilipofika aliinua simu. Walikuwa walewale wawili. Mulumeoderhwa alisalimu kwa uchangamfu. Mwanamke wa Kinshasa alisifu usafi wa ukumbi. Apolline alisema kutoka Kampala, sauti safi kabisa: “Hapa ndipo tunawapokea. Hapa ni mizani.” Léocadie alifuata sauti kwa mkono, kama mtu anayevutwa kwa kamba. Akina mama walikaa wima kwenye mabenchi, wamependeza kadiri walivyoweza.

“Na yule pale!” Mulumeoderhwa alisema. “Yule mtoto mwenye mashavu. Tusogezee.”

Alikuwa Igihozo, mtoto wa Nyiramahirwe, mama kijana aliyeteremka kutoka vilima vya Masisi. Wiki iliyopita walikuwa hawakuja. Léocadie alisogea. Kwenye kioo mtoto alionekana mzuri ajabu, uso wa mviringo, mashavu yamejaa, miguu minene kama ya mtoto aliyelishwa maziwa. Ila hakugeuka kuitazama simu. Hakutazama kitu chochote.

“Huyu amepona kabisa,” mwanamke wa Kinshasa alisema kwa Kiswahili cha kubahatisha. “Nimechukua picha. Hii ndiyo tutaweka mbele ya rapore.”

“Ndiyo,” Apolline alisema baada ya kusita kidogo. “Ni… ni mmoja wa waliofanikiwa. Tutamtoa kwenye programu wiki hii.”

Léocadie alikuwa ameshika simu kwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulienda wenyewe, kwa mazoea, kwenye mguu wa mtoto. Ulikuwa baridi. Alikandamiza kidole gumba juu ya unyayo, akahesabu kimoyomoyo, akakiondoa. Shimo lilibaki pale, halikurudi.

“Anakula?” alimnong'oneza Nyiramahirwe.

“Tangu jana hapana. Anatapika. Lakini umeona, Mama Mimi, amenenepa.” Nyiramahirwe alikuwa amelisikia neno “amepona” kutoka kwenye simu. Alikuwa anatabasamu, ameshaanza kufunga mbeleko ili aende zake. Nyumba yake ilikuwa mbali, mbele ya Munigi, na njia yote ni ya miguu.

Gari la shirika lilikuwa limesimama uani. Halikuwa likiondoka bila amri ya wakubwa. Na wakubwa walikuwa wamekwisha kusema kwamba mtoto ni mzima, na msimamizi wao amekubali. Léocadie alifikiri: nisubiri wamalize, nimpigie Apolline, Apolline atawapigia, atatafuta namna ya kugeuza maneno yake. Lini? Mchana? Kesho? Akafikiri unga uliobaki nyumbani. Akamfikiri Mimi amejikunja sakafuni. Kwa muda ambao mtu huvuta pumzi na kuitoa, alinyamaza, na katika pumzi ile alikuwa tayari kumwacha mtoto aende. Baadaye hilo ndilo lililomtesa kuliko yote.

“Twende kwa mwingine,” mwanamke wa Kinshasa alisema.

Nyiramahirwe alisimama. Kichwa cha Igihozo kilining'inia begani kama cha mtu aliyechoka kuishi.

“Hapana,” Léocadie alisema kwa sauti. “Kaa chini. Huyu mutoto hajapona. Hii si unene, amevimba. Ni bwaki, ugonjwa ya njaa.”

“Léo, nyamaza!” Apolline alisema. “Nakuomba.”

Wakubwa wote wawili walisikia. Kwenye kioo Mulumeoderhwa alivua miwani.

“Nani anaongea hapo?”

Léocadie hakujibu. Alishusha simu mpaka kwenye mguu, akakandamiza kidole mbele yao, akakiondoa, akaliacha shimo lionekane. Akaweka kioo karibu na ngozi iliyoanza kubanduka nyuma ya goti. “Hajala tangu jana. Anatapika, mwili ni baridi. Akitembezwa mpaka nyumbani hatafika kesho. Anahitaji hospitali sasa hivi.”

“Apolline, uko wapi?” mwanamke aliuliza. Apolline hakujibu. Jina lake lilikuwa bado pale kwenye kioo, na nyuma ya jina hilo, kelele za barabara ya mji mwingine.

“Madame unayeshika simu,” Mulumeoderhwa alisema polepole. “Geuza kamera tukuone.”

Aligeuza. Mwanga wa madirisha ya kanisa ulimpiga usoni moja kwa moja, na mtandao, kwa bahati yake au kwa kisirani, ulikuwa imara. Walimtazama. Akawatazama.

“Wewe ni yule wa Gisenyi,” Mulumeoderhwa alisema.

“Mimi ni wa Katoyi. Agiza gari, Papa.”

Aliagiza. Hilo lazima lisemwe: hakuuliza swali lingine, alimpigia dereva papo hapo. Léocadie alimfunga Igihozo ndani ya kitenge chake ili apate joto, akampandisha Nyiramahirwe aliyekuwa akiuliza, “Lakini walisema amepona, si walisema amepona?” Gari likatoka uani kwa honi.

Jioni ile Apolline aliandika mstari mmoja tu: Umewalisha watoto wa wengine, wa kwangu watakula nini? Léocadie alianza kujibu mara nyingi. Mwisho alizima simu. Swali hilo lilikuwa lake pia.

Siku ya nne, akiwa kwenye mlango wa hospitali akingoja saa ya kuona wagonjwa, Mulumeoderhwa alimpigia. Safari hii hakutumia video.

“Mutoto anaendeleaje?”

“Jana alianza kunywa maziwa. Uvimbe unashuka.”

“Mungu asifiwe.” Alikohoa. “Madame Uwingabire, mkataba wa mwenzako umekatishwa. Na wewe… nilijaribu kukutetea. Lakini ulishiriki udanganyifu. Kwa kanuni zetu, mtu kama huyo haruhusiwi kuomba kazi kwetu tena.”

Léocadie aliegemea ukuta. Alikuwa ameyatarajia maneno hayo.

“Niulize neno moja, Papa.”

“Uliza.”

“Siku ile mulinihoji, mulijua Goma hakuna mtandao?”

“Tulijua. Kila mtu alijua.”

“Kwa hiyo mulikuwa munatafuta mutu wa Goma, na mukampa yule aliyeonekana vizuri kutoka mbali na Goma.”

“Kila mmoja alipewa maswali yaleyale na dakika zilezile,” Mulumeoderhwa alisema. “Tulidhani ndiyo haki.”

“Na sasa?”

“Kazi itatangazwa upya wiki ijayo.”

“Mahojiano yatakuwa wapi?”

“Kwa video,” alisema. “Hatuna njia ingine. Ndege hazitui.”

Akaaga kwa adabu. Léocadie alibaki ameshika simu sikioni muda mrefu baada ya sauti kukatika, watu wakimpita na vyakula vya wagonjwa wao. Yeye hakuwa amebeba kitu. Kengele ya kuona wagonjwa ilipolia, aliingia na wengine.

Igihozo alikuwa amepungua. Mashavu yote yale yalikuwa yameondoka na maji, na sasa alionekana alivyo kweli, mifupa na macho. Lakini macho yaligeuka, yakamfuata Léocadie kutoka mlangoni hadi kitandani. Nyiramahirwe aliinuka akamshika mikono yote miwili.

“Mama Mimi, daktari anasema wiki ijayo tutatoka. Turudi kwako Majengo?”

“Mutarudi Majengo. Mutakuta mutu mwingine.”

“Nani?”

“Bado hawajamuchagua.”

“Na wewe unaenda wapi?”

Léocadie alichukua kikombe cha maziwa juu ya stuli, akaketi kando ya kitanda, akakisogeza kwenye midomo ya mtoto. Igihozo alimeza kidogo, akapumzika, akameza tena. Nje mchana ulikuwa unaisha. Ilimpasa awahi kurudi Katoyi, ambako Mimi na mzee walikuwa wakimngoja na unga wa mwisho walikuwa wameula jana. Alijua inabidi ainuke, aende. Lakini mtoto alikuwa bado anakunywa, polepole sana, na yeye akaendelea kushika kikombe.